Ubingwa wa Zhao haumshushi Pankaj Advani, wala haumpandishi

Tangu Mei 2025, Zhao Xintong wa China alipomfunga Mark Williams 18-12 kwenye fainali ya dunia ya snuka, ule mchezo wa fimbo na mipira ya rangi mezani, pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, Uingereza, kuna ubishi mmoja hauishi kila wapenzi wa mchezo huu wakikutana, na mimi naona pande zote mbili zinakosea. Zhao aliingia kwenye mashindano yale kama mchezaji wa ridhaa, yaani hana kadi ya tour, ile ligi ya mashindano ya kulipwa ya mwaka mzima yenye makao Uingereza, akaanzia huko chini kwenye mchujo, akashinda mechi nne za kufuzu halafu tano za Crucible kwenyewe, nusu fainali akamchapa Ronnie O'Sullivan 17-7 mpaka ukumbi ukapoa, akaondoka na kombe na pauni 500,000. Mwasia wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa snuka ya kulipwa, na mchezaji wa ridhaa wa kwanza pia. Sasa watu wenye kumbukumbu wakarudi nyuma miaka kumi, Hurghada kule Misri, Novemba 2015, fainali ya ubingwa wa dunia wa snuka ya ridhaa: Pankaj Advani wa India kamfunga Zhao huyuhuyu 8-6. Hapo ndipo kelele zikaanza. Kundi moja linasema si mnaona, Advani angebaki kwenye tour ya Uingereza aliyoiacha 2014 naye angekuwa bingwa wa dunia wa kweli, kapoteza maisha yake. Kundi la pili linasema hapana, huyo alijijua, alikimbia maji marefu akarudi kwao kukusanya makombe mepesi, ndiyo maana ana mataji 28 ya dunia na mtaani hakuna anayemjua.

Mimi nasema wote wanapima kwa mzani mmoja watu waliokuwa wanafanya kazi mbili tofauti. Advani hakushindwa Uingereza na wala hakukimbia, alikuwa na ajira nyumbani iliyomruhusu kufanya kitu ambacho tour ya Uingereza isingemruhusu, yaani kuwa bora duniani kwenye michezo miwili, snuka na biliadi, ambayo mkono unaoufaa mmoja unapingana na unaoufaa mwingine. Na ukitaka kujua kwa nini vijana wengi wenye kipaji kama chake hawafiki popote, usianze na moyo wa kupambana, anza na nani analipa kodi ya nyumba.

Tuanze na yeye mwenyewe maana wengi wanamsema bila kumjua. Kazaliwa Pune mwaka 1985, utoto wa mwanzo kaupitia Kuwait, familia ikarudi India na kutulia Bangalore, baba akafariki yeye akiwa bado mdogo sana. Aliingia kwenye mchezo kwa kumfuata kaka yake Shree kwenye ukumbi, kaka ambaye baadaye akawa mwanasaikolojia wa michezo na mpaka leo ni mtu wake wa karibu kwenye maandalizi. Akafundishwa na Arvind Savur, aliyewahi kuwa bingwa wa taifa wa snuka, akakulia kwenye meza za chama cha biliadi cha jimbo la Karnataka. Mwaka 2003, ana miaka 18, akaenda China akarudi na ubingwa wa dunia wa snuka wa IBSF, lile shirikisho linalosimamia ridhaa. Miaka miwili baadaye akiwa Malta akachukua ubingwa wa dunia wa biliadi wa aina zote mbili kwa mpigo, ile ya muda, anayeongoza saa zikiisha ndiye mshindi, na ile ya pointi, anayewahi kufika idadi iliyowekwa, kitu ambacho alikuja kukirudia nyumbani kwao Bangalore 2008 na tena Leeds 2014. Dhahabu ya michezo ya Asia kachukua mara mbili, Doha 2006 na Guangzhou 2010. Serikali yake ikampa Khel Ratna, tuzo ya juu kabisa ya michezo India, kabla hata hajafika miaka 22, halafu nishani za heshima za taifa, Padma Shri 2009 na Padma Bhushan 2018.

Biliadi inayozungumzwa hapa ni ile ya Kiingereza ya mipira mitatu tu, ambayo vijana wengi wa leo hawajawahi kuiona, maana wakisikia biliadi wanafikiria pool table ya baa. Bila kujua kilichoupata huo mchezo huwezi kumwelewa Advani hata ukariri mataji yake yote. Miaka ya 1920 biliadi ndiyo ilikuwa kubwa, snuka ilikuwa ya kupotezea muda, ubingwa wa kwanza wa kulipwa wa snuka ulichezwa 1927 kwa juhudi za Joe Davis na zawadi yake ilikuwa ya aibu, pauni sita na shilingi kumi. Kilichoiua biliadi kama biashara ni uhodari wa wachezaji wenyewe. Walter Lindrum wa Australia alifika mahali anapiga pointi mfululizo mpaka mpinzani anakaa kwenye kiti kikao kizima bila kushika fimbo, Januari 1932 kule London akapiga 4,137 bila kukosa, mbele ya huyohuyo Joe Davis. Ungelipa kiingilio kuangalia mtu mmoja anasukuma mipira inchi mbili mbili kwenye kona ya meza siku nzima? Wakabadilisha sheria kuwabana lakini watazamaji walishahama, snuka ikachukua kumbi, baadaye ikachukua televisheni, biliadi ikabaki kwenye klabu za wapenzi hasa India, Australia, Singapore na Uingereza kidogo. India ndiko ilikoshika mizizi. Wilson Jones alichukua ubingwa wa dunia wa ridhaa wa biliadi 1958 pale Calcutta, akawa Mhindi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa mtu mmoja mmoja, akarudia 1964. Wakafuata Michael Ferreira na Geet Sethi, huyu wa pili 1992 alipiga 1,276 mfululizo kwenye ubingwa wa dunia wa kulipwa. Kwa hiyo mtoto wa Bangalore miaka ya 1990 akishika fimbo, biliadi kwake ilikuwa mchezo wa mashujaa wa nyumbani, na snuka ilikuwa mchezo wa watu wa kwenye tivii. Advani akataka yote.

Na hapa nataka nikae kidogo maana ndiyo kiini. Meza ni ileile, futi 12 kwa 6, mashimo yaleyale sita, lakini chukua tendo moja tu, mpira wako mweupe kugonga mpira mwingine halafu wenyewe ukaingia shimoni. Kwenye biliadi hiyo ni riziki, ukiingia baada ya kugonga mwekundu unapata pointi tatu, na mabingwa wanaupanga huo mpira uingie kwa makusudi mara nyingi mfululizo huku mwekundu ukizunguka meza na kurudi palepale. Kwenye snuka tendo hilohilo ni kosa, unampa mpinzani pointi zisizopungua nne na meza juu. Yaani jicho na mkono uliofundishwa kwa miezi kuutafuta ule mstari unaoingiza mweupe shimoni, wiki chache baadaye unatakiwa uukwepe kama moto. Halafu kuna nguvu. Biliadi ya juu kabisa inachezwa pale juu ya meza kwa mguso mdogo sana, unaingiza mwekundu, unagonga mipira miwili kwa pamoja kupata mbili, unarudia, kila kitu kipo ndani ya eneo la sinia, ukizidisha nguvu kidogo mipira inasambaa na mfululizo umekufa. Snuka inataka bega limefunguka, mpira wa mbali futi kumi uingie kwa kishindo na mweupe urudi nyuma mpaka kwenye mpira wa bluu katikati ya meza. Wachezaji wengi wakubwa walichagua kimoja wakaacha kingine na hakuna aliyewalaumu. Advani mwaka 2015 peke yake: Agosti yuko Karachi anachukua dunia ya snuka ya mipira sita myekundu, Septemba yuko Adelaide anachukua dunia ya biliadi, Novemba yuko Hurghada anachukua dunia ya snuka kamili. Mabara matatu na michezo miwili ndani ya miezi minne. Nimeangalia mechi zake za mwaka ule na kinachonishangaza mimi ni namna anavyosimama, mguu na kiwiko vilevile kwenye michezo yote miwili, kinachobadilika ni urefu wa mvuto wa fimbo nyuma tu, na huo anaubadilisha utadhani kuna mtu mwingine kaingia.

Haya, turudi Uingereza. Mwaka 2012 alipata kadi ya miaka miwili ya tour ya kulipwa akahamia kule. Wanaosema alikwenda akapigwa akarudi hawajaangalia matokeo. Msimu wake wa kwanza tu, mapema 2013, akafika robo fainali ya Welsh Open, Mhindi wa kwanza kufika hatua hiyo kwenye mashindano ya kupandisha viwango, na baadaye mwaka huohuo akafika tena robo fainali kwenye Indian Open ya New Delhi, yale ambayo Mhindi mwenzake Aditya Mehta alikwenda mpaka fainali akafungwa na Ding Junhui. Na katikati ya hayo, Oktoba 2012, akaenda Leeds akachukua ubingwa wa dunia wa biliadi kwa kumfunga Mike Russell, Mwingereza ambaye ndiye alikuwa mfalme wa biliadi ya kulipwa kwa miaka, na ambaye Advani alishamfunga tena kwenye fainali ya 2009 palepale Leeds. Kwa hiyo ile hoja kwamba hajawahi kuwapiga watu wa kulipwa inafia hapo, kwenye biliadi kawapiga nyumbani kwao. Mwaka 2014 akaiacha tour. Alisema wazi anataka kucheza michezo yote miwili na anataka kuwa nyumbani. Watu wanasikia neno nyumbani wanaona udhaifu, mimi naona mtu aliyepiga hesabu.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Tour ya snuka wakati ule ilikuwa haina mshahara, unalipwa ukishinda tu. Tangu msimu wa 2013/14 mashindano mengi yalikuwa yanaanza na wachezaji 128 wote raundi ya kwanza na ukitolewa hapo unarudi mikono mitupu, nauli umelipa, hoteli umelipa, chakula umelipa, ukumbi wa mazoezi umelipa. Baada ya miaka miwili kama hujaingia 64 bora kwenye viwango kadi inakwisha. Mwingereza anaweza kulala kwa mama yake na kuendesha gari asubuhi kwenda Gloucester kucheza mchujo, Mhindi au Mchina au Mthailandi hana huyo mama. Upande wa pili Advani ana ajira ONGC, kampuni ya serikali ya India ya mafuta na gesi, mshahara wa kila mwezi na cheo kinachopanda kama mfanyakazi mwingine, mkataba wake kimsingi ni kwamba uwakilishe kampuni na nchi. Mashirika ya umma ya India yana utaratibu huu wa kuajiri wanamichezo miaka mingi sana. Sasa wewe mwenye akili timamu, una mshahara nyumbani, una kocha, una kaka, una michezo miwili unayoweza kuwa wa kwanza duniani, kwa nini ukakae kwenye chumba cha kupanga Sheffield ucheze mmoja na uukose mwingine? Kwa sababu tu watu wa Uingereza wameamua ya kwao ndiyo ya kweli?

Sasa niwe mkweli, upande unaombeza Advani una hoja moja nzito na siwezi kuipita kimyakimya. Namba 28 inadanganya jicho. Mtu asiyejua akisikia bingwa wa dunia mara 28 anafikiria 28 za kitu kimoja, kumbe ni mkusanyiko, snuka kamili ni tatu (2003, 2015, 2017), kuna za mipira sita myekundu, kuna za timu, na zilizobaki nyingi ni biliadi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na mataji mawili kila mwaka, la muda na la pointi, kwa hiyo bingwa anaweza kutoka safari moja na makombe mawili ya dunia. Na uwanja wenyewe wa biliadi ni mdogo. Fainali ya 2022 Kuala Lumpur alicheza na Sourav Kothari, Mhindi mwenzake, 2023 Doha akacheza tena na Kothari, na Aprili 2025 kule Carlow, Ireland, wakakutana tena wawili haohao na safari hii Kothari akashinda. Fainali za dunia zikiwa za watu wa nchi moja mwaka hadi mwaka lazima ujiulize dunia iliyobaki iko wapi. Hiyo hoja naikubali na nadhani hata waandishi wa India wanapoitaja 28 kila sentensi wanamharibia, wanampa namba kubwa badala ya kuelezea ugumu. Ila angalia hoja inapoishia. Inasema kombe moja la biliadi lina uzito mdogo kuliko kombe moja la Crucible, sawa kabisa. Haisemi kitu juu ya mtu aliyekuwa juu kwenye michezo miwili kwa zaidi ya miaka 20, kuanzia China 2003 mpaka Doha 2024 alipomfunga Mwingereza Robert Hall kwa taji la 28. Wangapi wengine wamefanya hivyo wakiwa na uwanja mdogo huohuo? Uwanja ulikuwa mdogo kwa kila mtu.

Hoja nyepesi kuliko zote ni ya upande wa mashabiki wake, hii ya kwamba alimfunga Zhao basi naye ni bingwa wa dunia wa kufikirika. Hapana jamani. Hurghada Zhao alikuwa na miaka 18, mtoto, Advani ana 30 na uzoefu wa fainali kibao. Miaka kumi kati ya mechi ile na Crucible, Zhao aliingia tour msimu wa 2016/17, akala vipigo kila wiki kutoka kwa watu bora duniani, akachukua UK Championship 2021, moja ya mashindano makubwa ya tour, kwa kumfunga Luca Brecel 10-5, na mchezo alioucheza dhidi ya O'Sullivan 2025 haukuwepo kabisa ndani ya yule kijana wa Misri. Ulitengenezwa. Ulitengenezwa na tour hiyohiyo ambayo Advani aliiacha, na ukisema Advani angefika palepale unaidharau kazi ya Zhao na unamsingizia Advani kitu ambacho mwenyewe hakukitafuta. Matokeo ya mechi moja yanakuambia siku ile nani alikuwa bora, basi.

Na wale wanaotumia ushindi wa Zhao kusema ridhaa sasa iko sawa na kulipwa, nao hawajatazama vizuri. Zhao alikuwa wa ridhaa 2025 kwa sababu alifungiwa. Alikaa nje miezi 20 kwenye ile kesi ya kupanga matokeo iliyowakumba Wachina kumi, wawili wakafungiwa maisha, yeye kosa lake lilihusu mechi za mwenzake na kamari, mechi zake mwenyewe hakupanga. Adhabu ilipoisha Septemba 2024 kadi yake ilishakufa, akaanza upya kwenye ngazi ya chini, akaimaliza kwa kishindo. Yule alikuwa bingwa wa UK aliyevuliwa sare kwa muda. Kumweka kundi moja na kijana wa Nairobi au Bangalore anayecheza jioni baada ya kazi ni kuwaonea wote wawili.

Lakini ndani ya stori hiyo kuna jambo ambalo watu wanalipita mbio na mimi ndilo linaloniuma. Nimetaja Karachi, Agosti 2015. Advani kwenye fainali ile alimfunga kijana mwingine wa Kichina, Yan Bingtao, ambaye mwaka mmoja nyuma alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa akiwa na miaka 14, mdogo kuliko wote katika historia. Kwa hiyo ndani ya miezi minne Advani aliwafunga fainalini watoto wawili waliokuwa hazina ya snuka ya Asia. Wote wawili wakaenda Uingereza. Wote wawili wakafanikiwa kwa kiwango cha kutisha, Januari 2021 Yan akachukua Masters, kombe jingine kubwa la tour, kwa kumfunga John Higgins na Desemba mwaka huohuo Zhao akachukua UK. Na wote wawili wakaangukia kwenye kesi ileile, Yan akafungiwa miaka mitano, na mechi zilizomponza Zhao ni za Yan. Simtetei mtu, waliopanga matokeo walijua wanachofanya na adhabu ni halali. Lakini ukiwapeleka vijana wa miaka 16, 17 nchi ambayo lugha hawaijui vizuri, ndugu hawana, wanaishi wenyewe kwa wenyewe kuzunguka wakubwa wachache wanaowategemea kwa kila kitu, na mapato yao ni ya kushinda tu, umetengeneza mazingira ambayo mkubwa mmoja mbovu anatosha kuwaharibu kumi. Hii nayo ni gharama ya njia ya Uingereza na haipo kwenye mizani ya wanaomcheka Advani. Wanahesabu makombe ya Zhao na kusahau kwamba kwa kila Zhao aliyerudi kuna Yan aliye nje ya mchezo kwenye miaka ambayo alitakiwa awe kileleni.

Kuna wengine wanasema mshahara wa shirika la umma ni kubebwa, mwanamichezo wa kweli ajilipie kwa ushindi. Waulize kuhusu Alphonce Simbu. Septemba 2025 Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha, kaitwaa marathoni kwenye mstari wa mwisho kabisa, na ni askari wa JWTZ. Kenya vilevile, David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa rekodi ya dunia London 2012 ni mtu wa polisi. Nani amewahi kusema Simbu kabebwa kwa sababu mshahara wake unatoka jeshini? Tunajua bila ule mshahara angeacha mazoezi zamani akatafute hela ya kula. Na kwenye biliadi ushahidi ni mkali zaidi maana hata Waingereza wenyewe wamefuata mshahara. Peter Gilchrist, bingwa wa dunia mara kadhaa, alihamia Singapore, akafundisha, akawa raia, anaichezea Singapore mpaka leo. Mike Russell niliyemtaja juu alikwenda Qatar kufundisha. Wakubwa wawili wa mchezo uliozaliwa kwao walifuata palipo na mwajiri, na hakuna aliyewaita waoga.

Ukilikubali hilo, swali kwa nchi zetu linabadilika. Huku kwetu kipaji cha fimbo kipo, nenda baa yoyote ya Temeke, Kariobangi au Kisauni yenye pool table utakuta kijana anayesafisha meza bila kuinua kichwa. Hiyo meza ya sarafu ni fupi, futi saba hivi, na kutoka pale mpaka meza ya futi 12 ni safari ya miaka, meza ambazo huku zipo kwenye klabu za wanachama ambako kijana yule haingii hata getini. Viongozi wetu wameuona mchezo huu kama uzembe, mwaka 2016 Dar ilitolewa amri ya kukataza pool saa za kazi, na kweli kijana kushinda mezani asubuhi mpaka jioni akicheza kamari ni tatizo, sibishi. Udhamini uliowahi kuingia kwa nguvu Tanzania ulikuwa wa bia, mashindano ya Safari Pool yalizunguka mikoa na kutoa mabingwa wa kitaifa, watu walijaa. Ila udhamini wa bia unafuata bajeti ya matangazo, unalipa mashindano, haumlipi mchezaji Januari mpaka Desemba, na bingwa wa mkoa anarudi kuosha magari Jumatatu. Tukiendelea kuuliza lini Mtanzania au Mkenya ataenda Sheffield tutakuwa tunauliza ghorofa ya tano wakati msingi haujachimbwa.

India haikumpata Advani kwa kumpeleka Uingereza, walimpata kwa vitu vitatu vya kawaida kabisa, ukumbi wa chama cha jimbo ambao mtoto wa miaka kumi anaruhusiwa kuingia, kocha aliyekuwa bingwa kabla yake na akakubali kukaa na watoto, na mwajiri aliyemchukua baada ya ushindi wa kwanza badala ya kumpa bahasha na kumpiga picha. Hicho cha tatu ndicho tunachokijua tayari kwenye riadha, jeshi na polisi na magereza wanakifanya kila mwaka, nafasi chache zinatengwa kwa wakimbiaji, mabondia, wachezaji wa voliboli. Nafasi mbili tu kati ya hizo zikienda kwa wachezaji wa fimbo, na klabu moja yenye meza ndefu ikikubali kufungua mlango siku tatu kwa wiki kwa vijana wasio wanachama, ndani ya miaka mitano tutakuwa na mtu wa kumpeleka kwenye mashindano ya IBSF akafungwa kwa heshima. Wa kwanza atafungwa, na wa pili na wa tatu. Wilson Jones naye alishacheza na kupoteza kwenye mashindano ya dunia kabla ya 1958, na kati ya ubingwa wake na ule wa kijana wa Bangalore kule China kuna miaka 45.